Rubisi ya Kumrudisha Jenesta

Wanakwaya wenzangu, mmeniuliza hadi nimechoka. Felesiani kaniuliza kisimani, Mama Koleta kaniuliza mlangoni mwa kanisa, na hata mwalimu wetu, ambaye hujifanya hana habari na mambo ya watu, kaniuliza katikati ya mazoezi wakati sauti ya pili wanahangaika na wimbo wa sadaka. "Projesti, Nkwenda kulikuwaje?" Kila mmoja nimempa kipande. Sasa nimekaa mezani na daftari, naandika yote.

Chanzo mnakijua, mlikuwepo. Ilikuwa ile Jumamosi ya mwezi wa nane tuliporudi pamoja kutoka mazoezini, tumelowa chapachapa, tukakuta kahawa yangu imelowa juu ya majamvi, nyingine inaelea kwenye madimbwi. Jenesta yuko katikati ya uwanja anaikomba kwa ungo, Advera wetu analia mgongoni. Nikasema mbele yenu wote, "Mwanamke gani huyu asiyejua kuanua?" Wengine mlicheka kidogo. Yeye aliniangalia, akaniangalia kama mtu anayengoja kitu, halafu akarudi kwenye ungo wake. Kesho yake asubuhi alifunga nguo zake kwenye kitenge, akambeba mtoto, akaenda kwao Nkwenda.

Kuna jambo moja la siku ile ambalo hamlijui. Litafika mahali pake.

Wiki tatu nilijipikia mwenyewe, na nyumba ikawa kubwa kuliko ilivyo. Ndipo mnunuzi mmoja wa maharage akaniletea maneno ya baba mkwe: "Aje na rubisi, na aje na maneno. Asipokuja kabla ya mwezi kuisha, wazee sitawaita tena." Kwetu mwanamume haendi mikono mitupu kumfuata mke aliyerudi kwao. Anakamua pombe ya ndizi, anaipeleka mwenyewe, wakwe wanaionja, kisha wanamsikiliza. Na rubisi ikishamiminwa haina subira: siku ya kwanza tamu, ya pili imeiva, ya tatu bado inanyweka, ya nne ni siki. Mwezi wa tisa ulikuwa umebakiza siku sita.

Nyakakika, kabla ya kutoka

Felesiani aliniazima mtumbwi wa kukamulia na akakanyaga ndizi pamoja nami, Mungu ambariki. Tulichanganya na mtama uliokaangwa, tukafunika kwa majani ya mgomba, na kesho yake jioni rubisi ilikuwa inachemka yenyewe, povu juu, harufu uani kote. Mimi, kama kawaida yangu, nikafungua redio. Si bure mkaniita Bwana Hewa. Mtangazaji akasema kanda ya ziwa itegemee joto kali mchana, pamoja na mvua za ngurumo katika maeneo machache.

"Umesikia?" nikamwambia Felesiani. "Mvua! Ikiingia kwenye kibuyu, kwisha habari yangu."

Kwa hiyo nikaacha kibuyu, kile cha shingo ndefu kinachozibwa kwa jani la mgomba, ambacho baba zetu wote walibebea pombe. Nikamimina rubisi kwenye madumu mawili ya plastiki, nikatanguliza nailoni mdomoni, nikakaza vifuniko kwa nguvu zangu zote.

"Projesti, hiyo pombe bado inapumua," akasema Felesiani.

"Itapumua Nkwenda."

"Haya. Utaona."

"Wewe imba besi, hewa niachie mimi."

Nikamwachia na redio aitunze. Shati langu jekundu la kwaya nikalikunja vizuri, nilivae mbele ya wakwe.

Nyakakika hadi Rugera

Nilitoka alfajiri, dumu moja kila upande wa baiskeli. Kufika saa nne hapakuwa na wingu hata moja. Lile jua la kuelekea mvua za vuli mnalijua, halina upepo wala huruma, vumbi linakaa kooni. Kila mlima nilisukuma, kila mteremko nilishika breki kwa hofu. Redio ilikuwa imetaja joto na mvua, vyote viwili, nami nilisikia mvua tu.

Kwenye saa saba nilitazama madumu nikaona yamekuwa duara. Nikayapapasa. Nikajiambia plastiki imetanuka kwa jua. Eti plastiki!

Huko Rugera niliingia kwenye kaya moja ya pembeni mwa njia kuomba maji. Alikuwepo mama mtu mzima akiwa na mjukuu mchanga kwenye mkeka. Nikamsalimia, shikamoo, akaitika marahaba, akaniletea maji kwenye kata, akaniuliza kama natoka mbali. Kabla sijafungua kinywa, puu!

Kifuniko kilipita juu ya paa na hakijaonekana mpaka leo. Dumu la kushoto lilichanika ubavu, baiskeli ikalala chini, rubisi ikaruka ukutani, kwenye kuku, usoni kwangu. Nikaanza kucheka, maana ningefanya nini? Kisha nikaona yule mama hayupo. Kata ilikuwa chini. Yeye alikuwa amelala kifudifudi kati ya mibuni, amemfunika mjukuu kwa mwili wake.

"Mama, ni pombe," nikasema. "Ni pombe tu. Nisamehe, mama yangu."

Hakuinuka haraka. Mikono yake ilikuwa bado imemkumbatia mtoto, na mimi niliona haya mpaka miguuni.

"Pombe?"

"Pombe, mama. Nilikaza kifuniko."

Akaketi, akamtazama mtoto kila upande, akanitazama na mimi, povu likinidondoka kwenye nyusi. "Mimi nimekimbia mara mbili katika maisha haya," akasema. "Kwanza kutoka Rwanda, nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Halafu wakati wa vita vya Amini. Nikasema, basi, leo ni ya tatu, na miguu ya kukimbilia sina." Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na mimi nikajikuta nalia kweli, pale pale, mwanamume mzima.

Jina lake Mama Daforoza. Ndiye aliyeliokoa dumu la pili: alilifunika kanga, akalegeza kifuniko kidogo kidogo, likapiga mluzi kama birika, mpaka likatulia. Akaliziba kwa jani la mgomba. "Huko kwenu hamna migomba?" akaniuliza.

Alinipa ndizi zilizopikwa na maharage, nikala kama mkimbizi, Mungu anisamehe kusema hivyo nyumbani kwake. Akauliza pombe inakwenda wapi. Nikasema harusini.

"Harusi gani inayoendewa na uso huo?"

Basi nikamweleza. Akasema, haya, nijaribu maneno nitakayowaambia wakwe, yeye awe baba mkwe. Nikasimama, nikakohoa, nikaanza: kwamba hali ya hewa mwaka huu imebadilika, kwamba redio ilisema maeneo machache, kwamba kahawa ilikuwa nyingi na hasira ni za binadamu wote.

Mama Daforoza alimbadilisha mjukuu bega. "Umeongea redio, umeongea mawingu, umeongea kahawa," akasema. "Mke wako bado hujamtaja. Ulimkosea nini?"

Hapa ndipo lile jambo lilipotoka, nami nawaandikia kama nilivyomwambia. Asubuhi ya Jumamosi ile, kabla sijaja mazoezini, Jenesta alitazama vilima vya upande wa Rwanda akaniambia, "Baba Advera, leo tuanue mapema. Upepo umesimama." Nami nikamjibu redio imesema maeneo machache, na hayo machache si sisi. Nikamwambia kahawa asiiguse, nikirudi niikute juani. Alinitii. Aliponiangalia pale uani mbele yenu, alikuwa anangoja niseme hivyo. Nami sikusema.

"Sasa hayo ndiyo maneno," akasema Mama Daforoza. "Lala hapa. Joto hili litakuua njiani."

Rugera hadi Omurushaka, na lori

Siku ya pili nilifika Omurushaka mchana na dumu langu moja, nikapata lori la kwenda Nkwenda kuchukua maharage. Dereva alikuwa mtu mnene mpole aliyeongea na lori lake kuliko na abiria. Baiskeli ikapandishwa, nami nikaketi juu nimelikumbatia dumu. Nilihesabu: leo jioni Nkwenda, rubisi imeiva sawasawa. Nikaanza hata kupiga mluzi wimbo wetu wa Pasaka.

Hatukwenda hata saa moja, gurudumu la nyuma likapasuka. Abiria wote walishuka. Dereva akashusha gurudumu la akiba, akalikanyaga, likabonyea. Halina upepo.

"Linakwenda Omurushaka kujazwa," akasema. "Kesho asubuhi tunaondoka."

"Kesho! Ndugu yangu, nina pombe hapa."

"Tutakusaidia," wakajibu abiria kwa pamoja.

Sikuwapa hata tone, na ndiyo maana jioni ile walininunia. Mama mmoja tu aliyekuwa na viazi vitamu vya kuchoma alinionea huruma akanigawia. Tulikaa chini ya lori maana ndicho kivuli pekee. Kila mtu alitaka kujua kama itanyesha, nami, Bwana Hewa mzima, sikuwa na redio wala la kusema. Nikajaribu kutazama vilima kama anavyofanya Jenesta. Yeye hutazama huku anakoroga uji, mara moja tu, kisha anasema, "Leo hapana," au anasema, "Ingiza kuni." Miaka minne nimeishi naye, na sikuwahi hata siku moja kumuuliza anaona nini. Nilimkumbuka vibaya sana saa ile.

Kukaribia Nkwenda: radi

Siku ya tatu gurudumu lilirudi saa sita. Tukaenda vizuri hadi kwenye alasiri, hewa ikawa nzito, mbu wakaanza kuuma mchana, na upande wa mbele mbingu ikawa nyeusi kabisa. Matone ya kwanza yalipoanguka dereva alizima injini juu ya mteremko. Udongo ule mwekundu ukilowa ni sabuni, alisema, yeye ana watoto. Mimi nikaona vilima vya Nkwenda viko pale pale. Nikavaa shati langu la kwaya, nikashusha baiskeli na dumu, nikaenda kwa miguu. Maeneo machache, nikasema moyoni. Jamani, nilikuwa bado sijafundishika.

Mvua ilinikuta wazi, na radi ndani yake. Ilipiga upande huu, ikapiga ule, mpaka nikaanza kusali kwa sauti. Nikaona nyumba, nikakimbilia mlangoni. Mwenye nyumba akanyoosha mkono kunizuia.

"Shati hilo, ndugu. Livue."

"Ni la kwaya."

"Hata liwe la askofu. Nyekundu haiingii humu radi ikiwa nje."

Nikalivua, nikalitundika kwenye mti wa uani, upepo ukaondoka nalo nikiliangalia. Ndiyo, mwalimu, lile shati. Nitashona jingine. Ndani walikuwa mume, mke, bibi na mbuzi watatu, kioo kimegeuzwa ukutani, sufuria zimefunikwa, wote kimya, maana kwao mtu haongei radi ikiwa inapita. Mke akanirushia kanga yake nijifunike. Nikaketi kati ya mbuzi na dumu langu.

Mnajua mimi kunyamaza ni kazi. Lakini nilinyamaza saa nzima. Radi ilipopasua mti wa jirani, bibi alishika rozari, na mimi nikamfikiria Advera. Ngurumo anaziogopa mno. Huwa anakuja kuficha kichwa kwapani kwangu, namziba masikio kwa viganja, tunahesabu pamoja mpaka ipite, ingawa hesabu yake inaishia tatu. Nikajiuliza leo ameficha kichwa wapi. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, giza lilikuwa la kutosha.

Mito ilijaa, njia haikupitika. Nililala pale pale na mbuzi.

Nkwenda

Nilifika kwa wakwe asubuhi ya siku ya nne, nimejitanda kanga ya watu yenye maua, matope hadi magotini. Nyuma ya mlango mama mkwe, ambaye kwa desturi sipaswi kumtazama usoni, aliita mama kwa kikwetu, "Mawe!" kisha nikasikia anajizuia kucheka. Advera alichungulia, akaona kanga, hakunijua, akakimbia. Hilo liliniuma kuliko mengine yote.

Baba mkwe, Mzee Theonesti, alikuwa ameketi na wazee wawili wa ukoo. Kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile ya kumpokelea mgeni, kilikuwepo karibu na kiti chake, lakini hakukipitisha kwangu. Nikapiga magoti, shikamooni baba zangu, marahaba, nikasogeza dumu. Akamimina kwenye kibuyu kidogo, akanywa funda moja. Uso ulimkunjika. Akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu.

"Mkwe," akasema, "hii ni siki."

"Ni siki, baba. Yalikuwa madumu mawili. Moja lilipasuka kwa ujuzi wangu, hii imechachuka njiani. Sina nyingine."

"Na maneno je? Nayo yamechachuka?"

Nilikuwa na hotuba, mnanijua. Haikuja. Nikasema tu, "Jenesta aliniambia tuanue, nikamkataza. Kahawa iliponyeshewa nilimsingizia mbele ya watu, nikijua kosa ni langu. Hakunijibu, akanisitiri. Nampenda, baba, na sikumtetea."

Mzee mmoja akasema, "Mtu anayeleta siki akaiita siki, huyo anasema kweli." Mwingine akaitikia. Baba mkwe akachukua kile kikapu cha kahawa akanipa, na mimi nikatafuna punje mbili. Kisha akamwita binti yake.

Jenesta alitoka, akapiga magoti upande. Alikuwa amekonda kidogo. Alinitazama kwa ile kanga, na mdomo ukamchezacheza, lakini hakucheka.

"Nimesikia," akasema. "Umesema vizuri, Baba Advera. Lakini hawa hawakuwepo."

"Nani?"

"Baba yangu hakuwepo, na hawa wazee hawakuwepo. Mimi sikuaibishwa Nkwenda. Niliaibishwa Nyakakika, mbele ya kwaya nzima, na mpaka leo watu wale wanajua mimi ni mwanamke asiyejua kuanua."

Mzee Theonesti akasema, "Binti yangu, ameshaomba."

"Ndiyo, baba, na mimi nitakwenda naye. Lakini mzigo wangu sitaufungua."

Jioni yake ilinguruma tena. Advera alikuja mwenyewe, akainua kanga, akaingiza kichwa.

Kurudi

Tulirudi kwa siku tatu, wao wawili juu ya baiskeli, mimi nasukuma. Kila mara nilimuuliza, "Mama Advera, tuendelee?" Akisema twende, tulikwenda. Akisema tuingie kwa watu, tuliingia, na kila tulipoingia mvua ilitukuta tumeketi. Kwa Mama Daforoza tulilala. Wao wawili walikaa jikoni wakicheka, na nikajua wanacheka nini, nikawaacha.

Sasa ni wiki tangu turudi. Jenesta anapika, analima, ananisalimia vizuri, usiku ananiuliza habari za kutwa. Ila mzigo wake uko nyuma ya mlango, kitenge kimefungwa fundo lile lile alilolifunga Nkwenda. Anavaa gauni alilosafiria. Analifua jioni, asubuhi analivaa likiwa bado na unyevu, maana mvua zimeshika na hakuna kinachokauka. Simsemi. Nami sina haki ya kugusa fundo lile.

Kwa hiyo haya niliyoandika msiishie kusomeana. Jumamosi baada ya mazoezi naomba mje kwangu nyote mliokuwepo siku ile, msimame pale pale uani mliposimama, nami nitayasoma kwa sauti, yeye akiwepo. Mkinyeshewa mtanisamehe. Felesiani, wewe uliyecheka, usikose. Mama Koleta, njoo na binti zako.

Jenesta anajua kuanua. Mimi ndiye niliyemkataza.

Ana gauni moja la bluu, limo ndani ya kitenge kile. Nataka kumwona amelivaa Jumapili kanisani.